Shali ya Ngazi Niliyoifumua

Mwezi uliopita nilikwenda Bagamoyo kwenye hitima ya jirani yetu wa zamani. Nilipokuwa nakatiza vichochoro vya Dunda kurudi kituo cha basi, nikakutana na harufu ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi. Uani kwa watu nisiowajua, mama mmoja alikuwa akichemsha magome ya mti wa mkandaa kwa ajili ya kutia rangi ukindu wa mikeka. Kama hukukulia pwani labda huijui harufu hiyo. Ni ya chai iliyochemka mpaka ikakauka, ikachanganyika na tope la mikokoni. Si harufu mbaya hata kidogo, lakini mimi palepale nilijikuta natafuta ukuta wa kuegemea. Yule mama aliniona, akanikaribisha ndani ninywe maji. Nikamwambia ni jua tu, na halikuwa jua.

Kama tumewahi kukaa pamoja mimi na wewe, unajua kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Wanangu wananicheka. Nikisafiri nafika kituoni saa mbili kabla ya basi, na simu ikilia alfajiri nakaa chini kwanza ndipo naipokea. Wanadhani nilizaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo, na mwaka nilioanza kuwa hivyo naukumbuka vizuri kuliko mwaka niliofunga ndoa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nami nilikuwa darasa la nne. Nyumba yetu ilikuwa ya kawaida kama nyumba nyingi za mji ule: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na mbele baraza ambako baba, aliyekuwa seremala, aliweka meza yake ya kazi. Asubuhi niliamshwa na sauti ya randa yake kabla sijaamshwa na mtu. Tulikuwa wanne: baba, mama, bibi mzaa baba, na mimi. Mtaa mzima ulikuwa umejaa watoto, kila nyumba wanatoka kama kumbikumbi baada ya mvua, na kwetu nikitoka, nimetoka mimi tu.

Baada yangu mama alikuwa amezaa mara mbili. Wa kwanza alikuja kabla ya miezi yake na hakulia. Wa pili alikaa nasi siku tatu. Huyo nilimwona, na nilimwona pia alipofungwa sanda, kitu kidogo cheupe mikononi mwa baba, baba akipita ukumbini bila kutazama pembeni. Tangu siku ile nguo nyeupe iliyokunjwa ilikuwa ikinitisha. Hata kitambaa cha kufunikia vitumbua sikutaka kukifunua mimi.

Bibi yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, mpishi hodari wa mihogo ya nazi, na msukaji wa mikeka ambayo watu waliifuata kutoka mitaa ya mbali. Lakini alikuwa na mambo yake aliyoyaogopa, na akiogopa jambo, nyumba nzima iliogopa pamoja naye. Siku chache baada ya maziko ya yule wa pili, nilimsikia uani akizungumza na jirani huku wanachagua mchele.

"Mimba ya miezi sita, kashona vijishati viwili, kavitia sandukuni!" alisema bibi. "Mtoto wa watu hajafika, ushamtangulia na nguo. Nilimwambia. Hakunisikia."

Mama alikuwa jikoni anatwanga, na kati yao palikuwa na ukuta wa makuti tu. Najua alisikia, kwa sababu mchi ulinyamaza. Halafu ukaanza tena, taratibu. Vile vijishati sikuviona tena.

Basi mimba ya tatu ilipoanza kuonekana, haikutajwa. Bibi alisema "mama yako hajisikii," baba alisema "msaidie mama yako maji," na majirani walipokuja walimsalimia mama huku macho yao yakiwa juu ya kichwa chake. Mimi niligundua kama watoto wanavyogundua mambo: mama alianza kula udongo wa kula kwa siri, na siku moja alipoona samaki wa kukaanga alitoka mbio. Nikaelewa. Nikaelewa pia kwamba nisiseme. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nahesabu miezi kwa vidole chini ya shuka, na kila nikifika mwezi wa saba, ambao ndio uliomtoa yule wa kwanza, naanza upya.

Sasa mwaka huo ndio mwaka shali za ngazi zilipoingia mjini. Sijui nani alizileta. Ninachojua ni kwamba ghafla kila mtoto mchanga aliyetolewa nje arobaini yake alikuwa amefunikwa shali ya ngazi, na mama ambaye mtoto wake hana alionekana kama hakujali. Ilikuwa nyepesi, yenye mistari ya uwazi iliyoteremka toka juu mpaka chini, hewa inapita, mtoto halowi jasho. Shuleni mwalimu wetu wa kazi za mikono alikuwa mwanamke wa kutoka bara, mnene, mchangamfu, anayecheka kwa sauti mpaka darasa la jirani wanasikia. Akatuambia kwamba muhula ule kila msichana atafuma shali moja ya ngazi, na mwishoni zitatundikwa darasani wazazi waje kuziona.

"Wenye wadogo, wafumieni wadogo zenu," alisema. Halafu akanitazama mimi. "Wewe una bahati, mama yako anatarajia. Hutahangaika kutafuta wa kumvisha."

Alisema hivyo, kweupe, mbele ya wasichana ishirini na kitu. Nilihisi masikio yanawaka moto. Yeye hakujua kwetu mambo hayo hayasemwi, na mimi nikashindwa kumwambia. Nilipokuwa narudi nyumbani nilisema kwa sauti, peke yangu njiani, "Ni ya shule tu." Nikarudia mara tatu, ili yeyote aliyekuwa anasikiliza asikie vizuri.

Uzi tuliopewa ulikuwa wa pamba, mweupe pe. Nilikaa nao mapajani siku mbili bila kuanza. Kila nikifikiria shali nyeupe, naona ukumbi wetu na baba anapita. Siku ya tatu nikamfuata bibi uani, ambako alikuwa ameteleka debe la mkandaa kwenye mafiga, nikamwomba anitilie rangi uzi wangu.

"Wa nini huo?" akauliza.

"Wa shule, bibi."

Alinitazama kidogo, akaupokea. Tulipondaponda magome pamoja, yeye kwa jiwe kubwa na mimi kwa dogo. Aliniambia nitie chumvi ili rangi ishike, nisikoroge ovyo uzi usije ukajifunga. Tuliuacha mle ndani mpaka alasiri, kisha tukautundika kwenye kamba pamoja na ukindu wake, maji mekundu yakidondoka mchangani. Ulipokauka ulikuwa na wekundu wa udongo, mahali umekolea na mahali umefifia, kwa kuwa sikuwa na subira ya kuugeuza. Vidole vyangu vilikaa vyekundu wiki nzima. Bibi alifurahi sana na rangi ile, akasema ni nzuri kuliko ya mikeka yake. Naapa nilimpenda sana siku ile, na nilijiona mwongo sana.

Baba alinichongea sindano mbili za mti mzito, akazisugua kwa majani ya msasa mpaka zikateleza kama zimepakwa mafuta. Nilijifunzia kwa chelewa za fagio, kwa hiyo kupata sindano zangu za kweli ilikuwa jambo kubwa. Nikakaa naye barazani, yeye na randa yake, mimi na uzi wangu.

Ngoja nikueleze shali hiyo inavyofumwa, maana hofu yangu nusu yake ilikuwa humo. Unafuma mistari kama kawaida, lakini mstari wa mwanzo, kila baada ya vitanzi sita, unaongeza kimoja cha ziada. Hicho cha ziada unakifuma na wenzake mstari kwa mstari, wiki kwa wiki, na kwa macho huwezi kukitofautisha. Ikifika mwisho kabisa unakitoa sindanoni, unakiachia. Kinateremka chenyewe mpaka chini, na njia kilikopita inabaki ngazi. Maana yake ni kwamba kazi yote unaifanya bila kuona uzuri wake, na siku ya mwisho lazima ukubali kuachia kwa makusudi kile ulichokuwa unakilinda muhula mzima. Ukiachia kisicho chenyewe, umeharibu. Mwalimu alicheka tulipomuuliza itakuwaje tukikosea. Mimi sikucheka.

Nilifuma. Nilianza kuipenda kazi ile, na hapo ndipo nilipoharibu. Alasiri moja nilikuwa peke yangu ukumbini, shali imefika urefu wa mkono wangu. Nikachukua mto mdogo wa usufi, nikauzungushia shali, sindano nikazielekeza pembeni zisiuchome, nikaupakata na kuubembeleza. Sikusikia bibi akiingia.

"Ondoa!" alisema. "Ondoa kitu hicho mapajani!"

"Ni ya shule, bibi."

"Ya shule iishie shule. Isilale humu ndani tena. Umenisikia?"

Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anaogopa, mkono mmoja ameshika mwimo wa mlango. Niliitikia kwa kichwa kwamba nimesikia. Kesho yake nilimwomba mwalimu niiache kabatini kwake, akasema kabati limejaa, na kwamba nisipofanya kazi nyumbani sitamaliza. Kwa hiyo nikarudi nayo nimeifunga ndani ya kanga yangu ya shule, nikaisukuma chini ya godoro langu, mpaka katikati, mahali ambapo hata ukifagia chini ya kitanda huoni.

Kuanzia hapo sikuwa na raha ya kuacha wala ya kuendelea. Nikiendelea, namtangulia mtoto. Nikiacha, pana nusu shali ndani ya nyumba, na nusu shali ni ya nusu mtoto. Nilifikiria hivyo kabisa, usinicheke. Nikawa nafuma kwa kujificha nyuma ya mbao za baba, na nafanya mapatano. Nikimaliza mstari kabla mwadhini hajamaliza adhana, atakuwa mzima. Nikimaliza bila kukohoa, atakuwa mzima. Mwezi wa saba ulipoingia nilifuma mistari minne tu kwa mwezi mzima. Ulipopita, mama bado yuko mzito na anatembea, nilifuma mistari kumi na mmoja kwa siku moja.

Wakati huo mama alikuwa hasemi sana. Alifanya kazi zake kwa kukaa, akikuna nazi kwa mapumziko mengi, na mara nyingine nilimkuta anatazama tu moto. Nilidhani anaumwa. Kila mchana niliporudi shule nilikula, nikalala kidogo, nikaenda chuoni kusoma Kurani mpaka karibu na magharibi, na njia nzima nilikuwa naomba nisikute watu wamekusanyika mlangoni kwetu. Nilikuwa nikipinda kona ya mwisho nimefumba macho, nafumbua moja kwanza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Alfajiri nilisikia bibi anawasha moto mapema kuliko kawaida, na jua lilipochomoza mkunga alikuwa ameshaingia chumbani kwa mama. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkongwe kumzidi bibi, aliyewatoa nusu ya watu wa mtaa ule tumboni mwa mama zao. Baba hakushika randa. Alikaa barazani na majirani wawili wanaume. Niliambiwa nichote maji, nikachota. Nilijaza mapipa yote mawili na bado nikawa nachota, mpaka bibi akasema basi.

Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Adhuhuri ikaadhiniwa. Mkunga alitoka mara moja kuosha mikono, bibi akamtazama, yeye akatikisa kichwa kidogo tu na kurudi ndani. Hapo bibi akasimama katikati ya ukumbi, akapaza sauti mpaka barazani.

"Fungueni! Kila kilichofungwa humu ndani, fungueni!"

Hii ilikuwa kawaida ya wazee wetu mzazi akikwama. Kama kuna kitu kimefungwa katika nyumba, basi na mtoto amefungwa. Baba aliingia mbio, akafungua milango yote ya vyumba, akatoa makufuli, akafungua sanduku la vyombo vyake vya kazi. Bibi alifungua masanduku ya nguo, akafungua vifundo vya ncha za kanga yake, akamfungua mbuzi wa uani ambaye alitoka na kwenda zake mtaani. Akanivuta mimi, akanifumua nywele, vidole vyake vinaniumiza, sikulia. Akafungua hata kile kifuko chake cha tambuu. Halafu akazunguka na macho yake ukumbini, akiuliza, "Kimebaki nini? Kimebaki nini?"

Mimi nilijua kimebaki nini. Chini ya godoro langu palikuwa na maelfu ya vifundo, nimevifunga kwa mikono yangu, kimoja kimoja, muhula mzima.

Niliingia chumbani kwangu nikaivuta. Ilikuwa imebaki mistari michache sana. Nilikaa kizingitini, kwa kuwa ndani palikuwa na giza na kwa kuwa niliogopa kukaa mbali na sauti ya mama. Mlango wake ulikuwa mkabala na wangu, wazi kama mingine, nami niliona mgongo wa mkunga na kanga waliyoitundika ikipepea. Nikachomoa sindano. Nikatafuta ncha, nikavuta.

Uzi ulikuja kwa urahisi wa ajabu. Mstari mmoja uliokuwa umenitoa jasho ulikwisha kwa kuvuta mara moja. Nilikuwa nalia na navuta. Sikuwa nawaza mwalimu wala shule, nilikuwa nasema tu moyoni, nafungua, nafungua, mwache atoke, nafungua. Rundo la uzi mwekundu likajaa mapajani, limejikunjakunja kama nywele zangu zilizofumuliwa. Nilipofika mwisho sikusikia kitu. Mama alikuwa amenyamaza kabisa, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko makelele yake yote. Nikaona haijatosha. Nikaingia chini ya kitanda changu, nikaanza kulegeza kamba za kitanda kwa meno.

Nikiwa huko chini nilisikia kofi, halafu mkunga anagomba, halafu mama anapiga kelele, halafu ukapita muda mrefu sana. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, sauti nene isiyo ya kitoto kidogo. Nilitoka uvunguni nina mavumbi usoni, nikakutana na bibi ukumbini. Alitazama rundo la uzi pale kizingitini, akaelewa mara moja. Nilisubiri anipige.

"Umefanya vyema, mjukuu wangu," alisema, akanikumbatia. "Umefanya vyema sana."

Kwa maneno hayo, rafiki yangu, nilifunga mkataba na maisha. Mwalimu nilimwambia shali imeliwa na panya, akanisimamisha nje kipindi kizima, na nilisimama nikiwa na fahari. Arobaini ilipofika, mdogo wangu alitolewa nje amefunikwa shali ya kuazima kwa jirani, ya dukani, ya waridi, inanuka nafutalini. Watu walikula vitumbua na uji wa pilipili manga, na bibi aliutumia ule uzi wangu kushonea ukingo wa mkeka. Mimi nilitazama tu. Nilijua kitu ambacho wengine hawakukijua, kwamba mtoto huyu yuko hai kwa sababu mimi nilifumua.

Imani hiyo niliishi nayo zaidi ya miaka thelathini. Mdogo wangu akishikwa homa, nilikuwa nazunguka nyumba nikifungua masanduku. Nilipopata watoto wangu, nilikwenda hospitali mara tatu bila hata nepi moja, wauguzi wakanigombeza mpaka nikazoea. Sikumtangulia mtoto wangu hata mmoja. Na kila mmoja alipofika salama nilizidi kuogopa, kwa kuwa sasa nilikuwa na ushahidi.

Halafu mdogo wangu mwenyewe akawa mjamzito. Yeye alikuwa anaishi Dar, mtu wa mambo ya kisasa, na mwezi wa tano tu alishanunua kitanda cha mtoto, nguo, soksi, kila kitu. Nilifunga safari mpaka Bagamoyo kumshtaki kwa mama. Mama alikuwa mzee sasa, macho yamepungua nguvu, bibi na baba wote wameshakwenda. Tulikaa uani tunachagua mchele, yeye kwa vidole zaidi kuliko macho. Nilisema nikasema: mwambie mwanao, wewe atakusikiliza, mambo haya si ya kuchezea. Mama aliendelea kuchagua. Nilipomaliza, akauliza, "Ile shali yako ya ngazi, ulikuwa umebakisha mistari mingapi?"

Nikajifanya sijui. "Shali gani, mama?"

"Ile ya rangi ya mkandaa. Ya chini ya godoro."

Mama akasukuma ungo pembeni.

"Kila siku ulipokwenda chuoni, bibi yako akijinyoosha, nilikuwa naingia chumbani kwako," alisema. "Nainua godoro, naitoa, najilaza kitandani kwako na kuiweka hapa." Akaweka kiganja tumboni. "Nahesabu mistari uliyoongeza. Siku nyingine minne, siku nyingine hakuna. Nyumba ile, mwanangu, hakuna aliyeniambia kwamba mtoto anakuja. Si baba yako, si bibi yako. Wote wananitazama kama mtu aliyeshafiwa. Shali yako tu ndiyo ilikuwa inaniambia."

"Na siku ile?" niliuliza, ingawa sikutaka kusikia.

"Siku ile walifungua milango yote. Nikageuza shingo, nikakuona umekaa kizingitini unafumua. Nikajua wameshakwambia amekufa tumboni. Nikasema, basi, hata mwanangu ameshajua. Nikamwambia mkunga aniache nilale." Akacheka kidogo. "Kofi alilonipiga yule mkunga sijalisahau mpaka leo."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema niliambiwa nimefanya vyema, na nilikuwa nafurahi, naye hakuona sababu ya kuninyang'anya furaha hiyo. Kisha akasema mdogo wangu aachwe anunue anachotaka.

Mama ametutoka miaka kadhaa sasa. Wasukaji wa mikeka wamebaki wachache, rangi zinanunuliwa kwa pakiti, na shali ya ngazi sijaiona tena kwa mtoto yeyote. Mabinti wa siku hizi wanapiga picha matumbo yao na kuzirusha kwa watu wasiowajua, na mimi nikiziona bado naogopa. Lakini siku ile pale Dunda, nilipoegemea ukuta wa watu na kunywa maji yao, sikuwa nawaza siku ya kujifungua. Nilikuwa nawaza zile alasiri zilizotangulia. Mama amelala kitandani kwangu peke yake, anahesabu mistari kwa kidole, na mimi niko njiani kwenda chuoni, namwomba Mungu kwa moyo wangu wote mama asije akajua.